Nikichoma insulini nanenepa, nisipochoma nakwisha

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 24. Kisukari kilinipata nikiwa na miaka 12, hiki cha aina ya kwanza ambacho bila insulini huwezi kuishi. Kabla hakijagunduliwa nilikonda mpaka sketi ya shule ikawa inazunguka kiunoni. Nilipoanzishiwa sindano mwili ulirudi ndani ya wiki chache, ukarudi na ziada, na kila aliyeniona alikuwa na neno: sasa umependeza, sasa umenona, angalia usije ukapitiliza. Nilikuwa mtoto. Nilichoelewa ni kwamba sindano ndiyo inayoninenepesha.

Nikiwa na miaka 17 nilisahau sindano kweli. Ilikuwa safari ya siku mbili, kalamu ya insulini ikabaki nyumbani. Niliporudi nilikuwa najisikia vibaya, lakini suruali ilikuwa imelegea. Tangu siku hiyo sijasahau tena, Shangazi. Naacha kwa makusudi.

Nimejiwekea utaratibu. Ile ya usiku nachoma nusu ili nisizidiwe. Ile ya chakula sichomi kabisa, labda iwe wiki ya kwenda kliniki. Nyumbani wakiwa wananiangalia, nageuza kalamu mpaka uniti nilizoandikiwa, naingia bafuni, namwagia kwenye taulo. Siku moja mdogo wangu alilishika lile taulo akasema, "Dada, mbona linanuka hospitali?" Nikamjibu ni sabuni. Kwenye daftari la sukari naandika namba za uongo, nabadilisha kalamu ya wino ili zionekane zimeandikwa siku tofauti. Mashine ya kupimia ikiandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu, naizima.

Wala si kwamba sili. Mchana najinyima, usiku nakula kila ninachokikuta jikoni, nimesimama, haraka haraka, taa imezimwa. Nikimaliza najiambia: sitachoma, kitatoka. Na kinatoka kweli. Naamka mara tano kukojoa, namaliza jagi zima la maji, kunakucha nimechoka kama niliyebeba mizigo usiku kucha.

Miezi miwili iliyopita nililazwa. Nilitapika, nilihema kama mtu aliyekimbizwa, nikaja kuzinduka nina dripu mkononi. Daktari alisema huenda kuna maambukizi mahali. Nikanyamaza. Mama alilia, na mimi nikaapa palepale kitandani kwamba basi.

Nikajaribu kweli. Nilichoma kila kitu kama nilivyoandikiwa. Siku ya nne miguu ikavimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Wiki haijaisha mizani imepanda kilo 4. Macho yakaingia ukungu kuliko mwanzo. Nikawa natetemeka na kutoka jasho, napima naona sukari ni 9 (kwa mmol/L), na kliniki wanasema hiyo 9 haina ubaya. Nikaacha. Baada ya wiki tatu nikajaribu tena, yakawa yale yale. Sasa hata nyayo zinawaka moto usiku.

Kule kliniki muuguzi akiona majibu ya kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu husema mbele za watu, "Wewe binti hujipendi." Nikisema ukweli si nitapelekwa kwa wagonjwa wa akili? Ni mimi peke yangu ninayefanya hivi? Na je, kuna namna ya kupona bila kunenepa? Tafadhali usiniandikie kwamba nitakufa. Hilo nalijua.

Mwenye taulo

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijaja kuandika safu hii nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na hiyo harufu aliyoinusa mdogo wako naijua. Ni dawa ya jamii ya fenoli inayotiwa kwenye insulini ili isiharibike. Niliwahi kuinusa kwenye kitambaa cha msichana mmoja, nikajua, na sikujua la kumwambia. Barua yako nimeisoma mara nne.

Nianze na lisilosubiri. Ukitapika, tumbo likiuma, ukaanza kuhema kwa kina na kwa kasi, pumzi ikawa na harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au usingizi ukawa mzito usioeleweka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na mtu wa kwanza atakayekupokea umwambie: "Nina kisukari aina ya kwanza na nimekuwa sichomi insulini yote." Ninavyosoma maelezo yako, kilichokulaza miezi miwili iliyopita kinafanana sana na ketoasidosisi. Mwili ukikosa insulini unashindwa kutumia sukari iliyojaa kwenye damu, unageukia kuunguza mafuta, na majivu yake ni ketoni, ambazo zikizidi damu inakuwa na asidi. Huenda maambukizi yalikuwepo pia, sijui. Lakini daktari aliyekutibu alikuwa anatazama upande mmoja tu wa picha.

La pili, na hili nakuomba ulisome polepole. Usiamke kesho ukachoma vipimo vyote vilivyoandikwa kwenye kadi yako. Fikiria vilivyopatikana. Kila ulipokwenda kliniki majibu yalikuwa juu, wao wakiamini unachoma kila siku, kwa hiyo wakawa wanaongeza uniti. Ile kadi imeandikiwa mtu ambaye hayupo. Ukivichoma vyote kwa pamoja, na hasa siku uliyojinyima kula, sukari inaweza kushuka ghafla ikakuangusha. Kwa sasa ile ya usiku usiiache hata siku moja, wala usiipunguze tena chini ya hapo ulipo. Halafu wiki hii, si mwezi ujao, ukapangiwe upya na daktari anayejua unachochoma kweli.

Umeuliza kama uko peke yako. Hapana, tena hapana mara nyingi. Mwaka 2000 watafiti wa Canada walichapisha kwamba wasichana wenye kisukari cha aina yako hupatwa na maradhi ya ulaji zaidi ya mara mbili ya wenzao wasio na kisukari. Mwaka 2008 huko Boston, Marekani, ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanawake 234 wenye kisukari aina ya kwanza kwa miaka 11, na karibu 3 katika kila 10 walikiri kwamba hupunguza insulini. Hao ni waliokiri. Wanaume wamo pia, ingawa huulizwa mara chache zaidi. Hali hii wengi huiita dayabulimia. Jina hilo halimo kwenye orodha rasmi za magonjwa, lakini jambo lenyewe linajulikana, lina watu waliolisomea, na linatibika.

Wala si suala la kujipenda. Tazama ulivyolelewa na ugonjwa huu tangu miaka 12: kila tonge linahesabiwa, kila ziara kliniki inaanzia kwenye mizani, sukari ikishuka lazima ule hata kama hutaki, ikipanda unaulizwa umekula nini. Mtoto yeyote akikuzwa namna hiyo, chakula kinageuka mtihani asioumaliza. Yule muuguzi alikosea kukusema vile, na kukusema mbele za watu alikosea mara mbili. Nasema hivi nikijua kwamba maneno kama hayo yaliwahi kunitoka na mimi. Baadaye nilijifunza kuuliza tofauti. Badala ya "unachoma?", nikawa nauliza, "kwa wiki moja, sindano ngapi zinakushinda?" Ukimuuliza mtu hivyo anajua tayari umemruhusu kusema ukweli, na wengi walisema. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, jaribuni.

Sasa twende kwenye yale majaribio yako mawili, maana hapo ndipo moyo ulipokuvunjika, na kilichokupata kina maelezo.

Ulipokuwa hukai na insulini, figo zilikuwa zinamwaga sukari kwenye mkojo. Sukari ya damu ikishapita kama 10 hivi, figo haziwezi tena kuizuia yote, na sukari haitoki peke yake, inaondoka na maji na chumvi. Mwili wako umekauka kwa miaka. Insulini iliporudi, figo zikaanza kushika chumvi na maji kwa nguvu. Ule uvimbe unaoacha shimo ukibonyeza ni maji. Zile kilo 4 za wiki moja sehemu yake kubwa ni maji, kwa sababu hakuna mwili unaotengeneza kilo 4 za mafuta kwa siku saba kwa kula kawaida. Kwa kawaida uvimbe huu huisha wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Daktari auangalie ili ajiridhishe kwamba moyo na figo viko salama, na ukizidi anaweza kukusaidia.

Macho: sukari ikikaa juu muda mrefu lenzi ya jicho hubadilika umbo, na ikishuka lenzi nayo inabadilika tena, kwa hiyo unaona ukungu mpaka itulie. Usikimbilie kununua miwani wiki hizo. Ila nyuma ya jicho, kwenye retina, lazima upimwe kabla hujaanza safari ya kurudi. Kama mishipa ya kule imeshaanza kuharibika, kushusha sukari kwa kasi kunaweza kuzidisha uharibifu huo kwa muda.

Kutetemeka ukiwa na 9: mwili uliozoea kuishi kwenye 20 na kitu, ukiushusha mpaka 9 unadhani umeanguka shimoni. Unatoa jasho lile lile, mapigo yale yale ya mtu aliyeshukiwa na sukari. Hisia hiyo ni ya kweli, usijilaumu kwamba unajidanganya. Lakini kipimo kikisema 9 hujashukiwa. Keti, kunywa maji, subiri robo saa, pima tena. Hatari yenyewe huanza ikiwa chini ya 4, na hapo unachukua sukari ya kipimo kinachojulikana, kama vidonge vya glukosi au kiasi ulichoelekezwa, kwa sababu ukiingia jikoni ukitetemeka hutatoka huko mpaka umekula kila kitu, kisha utataka kulipa kwa kutochoma.

Na nyayo kuwaka moto. Huenda ni neva zilizochoshwa na sukari ya juu ya miaka mingi. Lakini pia kuna maumivu yanayokuja pale sukari inaposhushwa kwa kasi mno. Imeonekana kwamba kile kipimo cha miezi mitatu kikishuka zaidi ya pointi 2 hivi ndani ya miezi 3, hatari ya maumivu hayo inapanda. Mweleze daktari yalianza lini. Yana dawa za kuyatuliza, na yale yanayotokana na kushusha haraka mara nyingi hupungua taratibu, ingawa huchukua miezi.

Umeona, mwanangu? Hukushindwa kwa sababu ya udhaifu. Ulifanya peke yako, kwa siku chache, kazi ambayo wataalamu huifanya na mgonjwa kwa miezi. Matibabu ya hali yako hayaanzi na sukari nzuri. Yanaanza na usalama: ile insulini ya msingi, yaani ya usiku, kila siku, ketoni zisitokee, usilazwe tena. Hilo likishikika wiki kadhaa ndipo insulini ya mlo mmoja inaongezwa, mlo ambao kwako ni mwepesi, kisha mwingine. Mtu anayetoka 20 kwenda 15 amepiga hatua kubwa, na kliniki inayojua kazi yake itampongeza. Asiyejua atamwambia bado uko juu, na huyo mgonjwa hutamwona tena.

Kuhusu chakula, ule usiku wa jikoni unazaliwa mchana. Mtu aliyejinyima tangu asubuhi, sukari ikiwa haiingii kwenye seli zake, ana njaa ya kweli ya mwili. Hiyo si ulafi. Kwa hiyo utaambiwa ule milo kwa saa zake, hata kidogo, hata kama usiku uliopita ulikula sana. Adhabu ya asubuhi ndiyo inayoita usiku unaofuata. Mtaalamu wa lishe unayemhitaji ni yule aliyewahi kushughulika na watu wenye hofu ya chakula. Wewe orodha ya makatazo hukuikosa kamwe, na atakayekupa nyingine hajakusaidia.

Halafu kuna mwanasaikolojia. Unaogopa kupelekwa kwa wagonjwa wa akili, na nimeelewa unaogopa macho ya watu. Lakini hofu inayokufanya umwagie dawa ya uhai wako kwenye taulo haitolewi na uniti za insulini. Inatolewa kwa mazungumzo ya wiki baada ya wiki, na mtu anayejua kuifuatilia fikra ile inayokuja sekunde chache kabla ya kuingia bafuni. Kubwa zaidi ni kwamba huyo na daktari wako wa kisukari wazungumze wao kwa wao. Nimeona wagonjwa wakivutwa pande mbili: huku wanaambiwa usifikirie namba, kule wanaambiwa hesabu kila gramu. Hapo katikati mtu anazama. Ikibidi ulazwe wakati wa kuanza, kubali, kwa sababu mtu aliyenyimwa lishe muda mrefu akirudishiwa chakula na insulini kwa pamoja, madini ya potasiamu na fosfeti yanaweza kushuka kwenye damu, na hayo hupimwa maabara.

Sasa swali lako gumu: kupona bila kunenepa. Sitakudanganya. Uzito utarudi. Sehemu ni maji yatakayoondoka, na sehemu ni misuli na mafuta ambayo mwili uliyala ili ubaki hai. Mwaka 1922, kabla insulini haijaenea, kulikuwa na binti wa Marekani aitwaye Elizabeth Hughes. Dawa pekee ya siku hizo ilikuwa kushindishwa njaa, na mnamo Agosti mwaka huo, akikaribia miaka 15, alikuwa na kilo 20 hivi. Akapelekwa Toronto kwa Dkt. Banting, akaanza kuchomwa insulini, na mwili ukajaa. Aliishi mpaka 1981. Namfikiria kila ninaposoma barua kama yako, kwa sababu wembamba unaoutafuta ndio ule ule aliokuwa anaukimbia, na ndio ule uliokuzungusha sketi ukiwa na miaka 12. Wakati ule hukuwa mrembo, ulikuwa unaumwa, na watu wazima waliokuzunguka walipaswa kukueleza hivyo badala ya kuutolea mwili wako maoni.

Mizani itoke chumbani kwako leo. Kliniki wakihitaji uzito, waombe wakupime ukiwa umeipa namba mgongo. Ni ombi la kawaida kwenye matibabu haya.

Kuhusu kusema, usisemee kwenye benchi. Waambie mapokezi unataka kuongea na daktari faragha. Ukihisi sauti itakukatika, mpe hii karatasi aisome: "Tangu nina miaka 17 napunguza insulini ili nisinenepe. Namba za kwenye daftari si za kweli. Nilipolazwa sikusema. Nimejaribu kurudi mara mbili nikavimba nikaacha. Naomba nipangiwe upya, polepole, na naomba kuonana na mwanasaikolojia." Akikufokea, ondoka utafute mwingine, usirudi kwenye taulo. Wapo wanaoelewa.

Na nyumbani chagua mtu mmoja. Si lazima mama awe wa kwanza, kama machozi yake yanakulemea. Kazi ya huyo mtu ni ndogo: jioni akae karibu nawe kalamu ikiwa mkononi, mzungumze habari nyingine kabisa, mpaka sindano iishe na uhesabu kumi kabla ya kuitoa. Asikuulize sukari ni ngapi. Asitazame sahani yako.

Mimi ningemchagua yule mdogo wako, kama umri wake unaruhusu. Alinusa kitu cha kweli, akaambiwa ni sabuni, na pengine mpaka leo anajiuliza. Mwambie haikuwa sabuni.